Mchawi Niliyemtunga Maisaka

Mwaka wa kwanza wa mkoa mpya sikuweza kutulia mahali. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, karani wa masjala, na nililetwa Babati, makao makuu ya mkoa huo, kutoka Arusha pamoja na majalada. Ndivyo ilivyokuwa hasa: tulipakiwa lori moja, mimi mbele na dereva, majalada nyuma chini ya turubai, na tulipofika sote tulikuwa na rangi moja ya vumbi. Ofisi yenyewe ilikuwa ya kuazima. Meza zilikuwa chache kuliko maofisa, kwa hiyo nilipanga majalada sakafuni, na kila siku niliyasogeza kwa sababu kuna mtu alitaka kupita.

Jioni nilitembea. Sikuwa na pa kwenda, lakini nilitembea. Nilikwenda stendi kutazama mabasi ya Arusha yakijaa watu waliokuwa wanaondoka, nikateremka mpaka karibu na ziwa, nikaambiwa na kina mama waliokuwa wakifua kwamba viboko wako karibu, nikageuka. Niliandika barua tatu za kuomba uhamisho. Zote tatu nilizipokea mwenyewe pale masjala, nikazigonga muhuri, nikaziweka kwenye jalada langu mwenyewe. Hakuna aliyenijibu.

Nilipanga chumba mtaa wa Maisaka, nyumbani kwa fundi saa. Alikuwa mzee mjane, mwembamba, mguu wake wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia, na alikuwa na kikohozi kikavu kilichomtangulia kila alikokwenda. Mchana alikaa kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, nyuma ya meza ndogo yenye droo nyingi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Kwenye jicho la kulia alibana kile kioo cha mafundi saa cha kukuzia vitu. Ukimsalimu aliinua uso bila kukitoa, na jicho lililokutazama lilikuwa kubwa kama la ng'ombe.

Sikumpenda. Siwezi kusema alinikosea. Aliuliza natoka wapi, nakwenda wapi, na mbona nimepita getini mara nne tangu alasiri. Siku moja nilimpelekea saa yangu ya mkononi nikamwambia inachelewa. Aliifungua, akaichungulia kwa muda mrefu, akaifunga, akanirudishia.

"Haina ugonjwa," alisema. "Mwenye haraka ni wewe."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri saa zao walicheka. Nilimshukuru, nikaondoka, na neno lile nikatembea nalo wiki nzima.

Sasa niuelezee ule mchezo. Mpima ardhi mmoja wa ofisini kwetu alikuwa amesoma ng'ambo miaka miwili, na alirudi na mchezo ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Haukuwa na ubao kama drafti. Ulikuwa na karatasi, penseli na dadu za ajabu, nyingine zenye nyuso nne, nyingine nane, na moja yenye nyuso ishirini. Mtu mmoja anakuwa msimulizi. Wengine, kila mmoja anajitungia mtu wake: askari, mwizi, mganga, yeyote. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limekatika." Wewe unasema mtu wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu inaamua kama amevuka au amechukuliwa na maji.

Tulicheza wanne: mpima ardhi, mwalimu wa jiografia aliyekaa Bonga, nesi wa hospitali, na mimi. Wote wageni, wote tukingoja kitu. Tulikutana Jumapili mchana baada ya ibada, chumbani kwangu, kwa sababu kilikuwa kikubwa na dirisha lake lilipata upepo. Zile saa mbili tatu ndizo pekee katika wiki ambazo nilikaa kwenye kiti bila kutikisa mguu.

Kisha mpima ardhi akapangiwa kazi ya mipaka huko Simanjiro, muda wa miezi. Kabla ya kuondoka alinikabidhi dadu zake ndani ya soksi.

"Wewe ndiye msimulizi sasa," alisema. "Unajua kusema uongo ukaaminika. Ila wapatie adui. Hadithi bila adui ni safari ya kwenda sokoni."

Nilichukua kauntabuku moja ya ofisi iliyokuwa haina kazi, nikaanza kumtunga huyo adui. Nilimwandika ofisini nyuma ya rundo la majalada, nikamwandika nikisubiri wali uive. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nilisahau kwenda stendi. Alikuwa mchawi asiyeua mtu. Aliiba siku. Mtu alilala akiwa kijana na kuamka akiwa na mvi, na ile miaka katikati hakuijua ilikokwenda. Mchawi alikuwa nayo, ameifungia kwenye droo za meza yake, kila siku aliyoiba ndani ya saa moja iliyosimama. Alitembea kwa kuchechemea. Alivaa kofia ya sufu. Alikohoa kabla hajatokea. Na jicho lake la kulia lilikuwa la kioo, na aliyetazamwa nalo alionekana mpaka ndani, kama saa iliyofunguliwa mfuniko.

Nilijua ninamwandika nani. Nilijua tangu mstari wa kwanza, na ile raha niliyoisikia ilikuwa raha ya kumlipa mtu bila yeye kujua.

Jumapili ilipofika niliwasomea. Mwalimu alinikatiza kabla sijafika kwenye jicho.

"Ngoja. Huyu si mwenye nyumba wako?"

"Ni mchawi wa kwenye mchezo," nilisema.

"Mchawi wa kwenye mchezo anakaa Maisaka," alisema nesi, na tukacheka mpaka machozi.

Kuanzia hapo sikujizuia. Tangu utoto nilikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu. Shuleni niliwaiga walimu wote. Mchawi alipotakiwa kusema, nilikohoa kile kikohozi kikavu, nikashusha sauti, nikaburuta maneno kama fundi anavyoyaburuta. "Siku za watoto wenu ninazo humu kwenye droo. Nikizifunga, zimefungwa." Mwalimu alisisimka mwili. Niliona jinsi alivyosisimka na nikazidisha. Jumapili ya pili nilisema hivyo tena, kwa sauti kubwa zaidi. Ya tatu pia. Dirisha lilikuwa wazi.

Upande wa pili wa ua aliishi mama wa watoto wanne, muuza maandazi, mtu mwema aliyeniwekea maandazi mawili kila asubuhi. Alikuwa na saa ya mkononi ya marehemu mumewe, na alikuwa ameipeleka kwa fundi ikatengenezwe. Haya niliyajua. Nisichojua ni kwamba Jumapili zile alikuwa nyuma ya nyumba akichagua kuni, na alisikia sauti ya fundi ikitoka ndani ya nyumba ya fundi, ikisema inafunga siku za watoto. Wakati huo fundi alikuwa bado kanisani kwenye kikao cha wazee. Lakini mama hakujua hilo, na kwa nini aende kuuliza? Sauti aliijua kama anavyoijua ya mwanawe.

Wiki iliyofuata nilipita sokoni nikamwona kijana mmoja amesimama mbele ya meza ya fundi.

"Nipe saa yangu, mzee."

"Bado sijaimaliza. Njoo Ijumaa."

"Nipe hivyo hivyo ilivyo."

Fundi aliikusanya ile saa, vipande kwa vipande, akaifunga kwenye karatasi. Kesho yake nilimwona mwanamke mmoja anafanya vilevile. Kesho kutwa, wawili. Sikufikiri kitu. Nilikuwa na mchawi wangu, nilikuwa nampangia jumba la mawe chini ya mlima.

Ndipo nesi alipokuja ofisini kwetu Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa bado na sare. Hakukaa.

"Jirani yako wa maandazi yuko wodini na mwanawe mdogo," alisema. "Mtoto ana malaria kali, jana alipata degedege. Tumeanza dawa. Sasa mama anataka kumtoa ampeleke kwa mganga. Anasema dawa hazitamsaidia kwa sababu siku za mtoto zimefungiwa kwenye droo."

Nilikuwa nimeshika jalada. Nakumbuka sikuliweka chini, nililishika tu.

"Amesema kwenye droo?"

"Kwenye droo. Anasema alimsikia fundi kwa masikio yake. Sisi tunajua alimsikia nani."

Sikuomba ruhusa. Tulipita nyumbani nikachukua kauntabuku na soksi ya dadu, na njia nzima nilikuwa natembea mbele ya nesi, naanza kukimbia, naacha, naanza tena. Kichwani nilipanga maneno ya kueleza mchezo ule, na kila nilipoyapanga yalionekana ya kipuuzi zaidi.

Mtoto alikuwa wa miaka minne. Alilala amegeuza uso ukutani, dripu mkononi, midomo imekauka. Mama yake alikuwa ameshafunga kanga zake na vyombo kwenye kifurushi. Bibi wa yule mtoto, mama mzazi wa muuza maandazi, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu haigusi chini.

Nilimwamkia bibi. Nikamwambia mama, "Dada, yule uliyemsikia hakuwa fundi. Nilikuwa mimi."

Alinitazama kana kwamba sijasema kitu.

Nikafungua kauntabuku. Nikaeleza mchezo, nikamwaga dadu juu ya shuka. Hilo lilikuwa kosa. Alizitazama dadu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Unapiga ramli juu ya kitanda cha mwanangu?"

"Hapana, dada. Ni za mchezo. Ni kama ludo."

"Ludo haina hizo."

Nesi aliziokota haraka. Mama akashika kifurushi chake. "Sauti ya yule mzee naijua," alisema. "Usimtetee kwa sababu unakaa kwake."

Hapo sikuwa na njia nyingine. Nilikohoa. Nikashusha sauti, nikaburuta maneno, na mchana kweupe, katikati ya wodi ya watoto, mchawi wangu akasema yale aliyoyasema dirishani. Kitanda cha tatu kutoka kwetu mtoto mmoja aliacha kulia ghafla. Sijawahi kuisikia sauti yangu ikiwa mbaya namna ile.

Mama alikaa chini. Alisema polepole, "Kumbe ni wewe."

Nikadhani ameelewa. Kisha akasema, "Kumbe mchawi ni wewe."

Aliyetuokoa ni yule bibi. Aliomba kauntabuku, akaifungua kichwa chini miguu juu kwa sababu hakujua kusoma, akaipapasa, akaona muhuri wa ofisi kwenye jalada lake. Akasema kwa lafudhi yake ya kwao milimani, "Mchawi gani anaandika mambo yake kwenye daftari la serikali? Huyu ni mtoto tu, hana kazi ya kufanya. Weka huo mzigo chini. Mtoto anywe maji."

Mama hakuuweka mzigo chini mara moja. Aliushika muda mrefu mapajani, akilia bila sauti, nasi tukasimama. Mwishowe nesi aliuchukua taratibu, akauweka chini ya kitanda, na mtoto akabaki wodini. Siku ya nne alikaa akala uji. Siku ya sita alirudi nyumbani. Maandazi mawili ya asubuhi sikuwekewa tena, na sikuyategemea.

Jioni ileile ya Jumatano nilikwenda sokoni. Fundi alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, kioo hakipo jichoni, mikono juu ya magoti. Juu ya meza hapakuwa na saa hata moja. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kazi, na niligundua kwamba bila kile kioo macho yake yote mawili yalikuwa madogo na yamechoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umetoka mapema."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilianzia kwenye saa yangu, nikapita kwenye mchezo, sauti, dirisha, nikafika hospitalini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akataka kauntabuku. Akabana kioo chake jichoni, akasoma. Alisoma kurasa zote, kidole kikifuata mistari, na watu wakipita wanatutazama. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniambie hama leo. Nilibadilisha mguu wa kusimamia labda mara hamsini.

"Umeandika droo ishirini," alisema mwishoni. "Ziko kumi na nne."

Nilizihesabu kwa macho.

"Mimi nilidhani ni zile saa mpya," aliendelea. "Zile za plastiki, ikiharibika unatupa. Nikasema basi, zama zangu zimekwisha, watu wanachukua vyao. Juzi nilimwandikia mdogo wangu Kondoa kwamba nafunga kazi." Alitoa kioo, akakifuta kwa ncha ya shati. "Kumbe si saa za plastiki."

"Nisamehe, mzee."

"Huyo mchawi wako siku za watu anazifanyia nini?"

"Anaziweka tu."

"Anaziweka tu," alirudia. "Hata wewe hujui anazitakia nini. Umenipa uovu, hukunipa hata sababu."

Akavuta droo moja, akatoa daftari dogo la majina ya wateja wake. Alinisomea waliochukua saa zao, mmoja mmoja, na mahali wanapokaa, nami nikaandika nyuma ya kauntabuku ileile. Walikuwa kumi na mmoja. "Utakwenda kwa miguu yako," alisema. "Utawaambia kwa mdomo wako. Ile sauti yangu usiitumie tena, hata kwa kueleza."

Nilikwenda. Wiki mbili za jioni nilizunguka Maisaka, Bonga, mpaka Sigino kwa watu waliokuwa wakivuna mbaazi. Kila mahali nilianza na salamu ndefu, kisha nikajishtaki. Wengine walicheka, wakaniita dada wa michezo. Mama mmoja wa Bonga alinipa ndizi nile kwanza, akisema sura yangu imeingia ndani. Mwanamume mmoja wa Sigino alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupura mbaazi zake.

"Nimekusikia," alisema.

"Kwa hiyo utamrudishia fundi saa yako?"

"Wewe unasema ulikuwa mchezo. Sawa. Lakini neno likishasemwa juu ya mtu, mimi sina hakika linarudi kwa nani." Akanionyesha njia ya mkato ya kurudi barabarani. Yeye hakurudisha saa, wala shemeji yake aliyekaa naye. Kati ya kumi na mmoja walirudi saba. Muuza maandazi alikuwa wa saba. Alimtuma mtoto wake mkubwa, yeye mwenyewe hakufika.

Balozi wa nyumba kumi alituita sote, akasema ule mchezo usichezwe tena Maisaka. Tukahamia kwa mwalimu, Bonga, tukafunga madirisha ingawa kulikuwa na joto. Nilijaribu kuwapa adui mwingine, jambazi wa njiani, lakini hawakumtaka.

"Tumalize na yule wa siku," alisema mwalimu. "Hatuwezi kumwacha hewani."

Nilikuwa nimefuta kofia, mguu, kikohozi na jicho. Hakubaki na sura. Niliwasimulia kwa sauti yangu ya kawaida jinsi walivyoingia kwenye jumba la mawe wakamkuta amekaa. Nesi, ambaye mtu wake alikuwa mwizi, alisema hampigi kwanza, anamuuliza siku zile anazitakia nini. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimelifikiria swali hilo wiki nzima, njiani Sigino, njiani ofisini, na sikuwa na jibu ila moja.

"Anaogopa zake haziendi popote," nilisema.

Kisha mwalimu akasema, "Mimi nampiga hata hivyo," akarusha ile dadu ya nyuso ishirini, ikaviringika, ikasimama kwenye namba kubwa. Mchawi akaanguka. Walifungua droo, wakatoa saa, wakagawana nani azirudishe kwa nani. Hatukushangilia. Nesi alisema ana zamu ya jioni, akaaga.

Mpima ardhi aliporudi kutoka Simanjiro nilimpa soksi yake na habari yote. Alinisikiliza, akacheka mahali pasipochekesha, akasema kule alikokwenda aliulizwa na wafugaji kama vigingi vyake vya mipaka ni vya dawa. Hakutaka kucheza tena, na sisi wengine hatukumsihi.

Nilikaa kwenye kile chumba mwaka mmoja zaidi. Fundi hakuniambia nihame, na wala hatukuwa marafiki. Aliitikia salamu. Wakati mwingine aliuliza natoka wapi, nami nilimjibu ukweli, hata kama ukweli ulikuwa kwamba nimekwenda mpaka stendi na kurudi. Barua ya uhamisho ilipokuja nilikuwa nimeacha kuingoja, ikanibidi niisome mara mbili. Nilipokuwa napakia, muuza maandazi alikuwa ng'ambo ya ua anakanda unga, na yule mtoto, mrefu sasa, anamwagia kuku maji kwa kopo. Nilimpungia mkono. Mtoto alimtazama mama yake kwanza. Mama aliendelea kukanda, kisha akainamisha kichwa kidogo kwamba sawa, na mtoto akanipungia.